Mama Ada: kilichoondoka na mwalimu mmisionari katika shule moja ya Moshi

Bodi ya shule iliniita kwa jambo la fedha. Shule yenyewe ni sekondari ya wasichana, mali ya kanisa, iko juu ya mji wa Moshi kwenye miteremko ya migomba na kahawa. Kwa miaka ishirini na mmoja ilikuwa na mwalimu mmisionari kutoka Ujerumani, akaondoka Desemba 2017. Ilipofika 2022 matokeo ya hisabati yalikuwa yameshuka vibaya, na wajumbe wengi wa bodi walikuwa na maelezo yao tayari: ufadhili umeondoka na mzungu, na wasichana wenye akili wameondoka na ufadhili. Nilitakiwa nipitie mafaili, nizungumze na watu, kisha niwashauri namna ya kumpata mfadhili mwingine.

Mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu (siku hizi wenzetu wanaitwa wadhibiti ubora), na mkaguzi akiambiwa tatizo ni fedha huomba kwanza aonyeshwe madaftari ya wanafunzi. Niliyoyakuta hayakuwa ya fedha. Ada zilikuwa zimeshapata njia nyingine ndani ya miaka miwili. Ambayo haikupata njia ni namna mama yule alivyokuwa akifundisha, na alipokuwa anafunga mizigo hakuna aliyeihesabu kuwa mali ya shule.

Naandika kisa hiki kwa idhini ya bodi, kwa ajili ya walimu na wajumbe wa bodi nyingine. Mambo yanayoweza kumtambulisha mtu au shule nimeyabadilisha au nimeyaacha.

Alivyokuja

Alizaliwa 1952, akakulia Ujerumani Mashariki katika familia ya kanisa, kwenye nchi ambayo serikali yake haikuwapenda sana watoto wa kanisa. Alisomea ualimu wa hisabati na kufundisha miaka mingi huko kwao. Kabla ya ukuta wa Berlin kufunguliwa 1989, kutumwa Afrika na kanisa lake kilikuwa kitu cha kuota tu. Mwaka 1996 akafika Moshi akiwa na miaka arobaini na minne, hana mume wala mtoto, Kiswahili amekianzia Morogoro kwenye shule ya lugha ya Seminari ya Kilutheri.

Mlima huu unawajua wamisionari. Wale wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig walifika Machame 1893, na Wakatoliki walikuwa wameshatangulia Kilema. Kwa hiyo watu wana picha yao kichwani: mmisionari ni mtu wa kujenga, kuhubiri, kubatiza, kupanda mlima kwa buti. Huyu alitaka ubao na chaki. Zamu yake ya ibada ya asubuhi ilipofika alisoma mistari, akasema maneno machache ya Kiswahili salama kisichokosea ngeli, akakaa. Wazee wa usharika walinung'unika kidogo, wakauliza ni mmisionari gani asiyehubiri. Mmoja wao aliniambia walidhani ametumwa kupumzika.

Wanawake ndio waliompa nafasi. Mwanamke wa umri ule asiye na mtoto ana shida ya kuitwa, lakini baada ya misiba miwili mitatu ambako alikaa nyuma ya nyumba na wenzake akimenya ndizi, mikono myeusi kwa utomvu kama yao, suala hilo liliisha. Akawa Mama, bila jina la mtoto nyuma yake. Aliishi kwenye vyumba viwili karibu na jiko la shule, alifuga kuku, aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, na aliendesha Suzuki kuukuu ambayo fundi wa Kiborloni aliijua kuliko yeye.

Ada

Ili kuelewa jinsi mwalimu wa hisabati alivyogeuka kuwa mfuko, lazima kwanza kuitazama kahawa. Hapa Kilimanjaro kahawa ndiyo iliyosomesha watu. Chama cha wakulima wenyeji kilianza 1925, KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, ikafuata 1933, na kwa vizazi viwili au vitatu mzazi mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, alijua kwamba msimu ukiwa mzuri mtoto atakwenda shule. Kisha mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na watu wengi wakaacha mibuni izeeke au wakaing'oa wapande mboga. Mama huyu alifika miaka saba baada ya hapo. Alikuta wazazi ambao wao wenyewe walisomeshwa na kahawa, na ambao sasa hawana kitu cha kuweka mahali pa kahawa.

Ilianza na msichana mmoja wa kidato cha tatu aliyekosa vipindi wiki mbili. Mwalimu alipanda kwa miguu hadi kwao, akamkuta anachuma majani ya ng'ombe, akaambiwa amerudishwa kwa ajili ya ada. Akalipa kutoka mfukoni. Muhula uliofuata wakawa watatu. Noeli ile akaandika barua kwa marafiki wa usharika wake wa nyumbani, na marafiki wakajibu. Kufikia 2010 orodha yake ilikuwa na wasichana zaidi ya thelathini, kila mmoja na mfadhili wake.

Fedha zilikwenda hivi. Mfadhili aliweka kwenye akaunti ya mwalimu huko Ujerumani, mwalimu akahamishia kwenye akaunti yake binafsi mjini Moshi, akashuka benki, akapanda nazo, akazilipa kwa mhasibu wa shule. Stakabadhi ilitoka kwa jina la msichana. Hakuna mahali popote kwenye vitabu vya shule palipoandikwa kwamba kuna mfadhili, anaitwa nani, ameahidi mpaka lini. Nimekagua hesabu za shule nyingi na sijaona senti iliyopotea hapa. Mama alikuwa mwaminifu kiasi cha kukera, kila noti ina karatasi yake. Lakini njia nzima ilipita mwilini mwa mtu mmoja. Angevunjika mguu Januari, wasichana thelathini wangerudi nyumbani.

Wasichana wakamwita Mama Ada. Jina lilianza kwenye foleni ya mhasibu, likaenea bwenini, mwisho hata wazazi walilitumia wakidhani ndilo lake. Hakulipenda. Aliniambia kwa simu kwamba alipolisikia mara ya kwanza alicheka, na kwamba kicheko chenyewe hakikudumu.

Kwani jina lilifuatwa na kazi. Wazazi waliacha kupita ofisi ya mkuu wa shule wakaenda moja kwa moja mlangoni kwake, asubuhi ya Jumamosi, na ndizi mkungu mmoja begani kama shukrani au kama ombi. Kila mfadhili alitaka barua ya mtoto, picha, na matokeo. Barua za wasichana ziliandikwa Kiswahili, yeye akazitafsiri Kijerumani moja moja. Walimu wenzake, ambao kuna miezi mishahara yao ilichelewa, walimwona akipita na bahasha za ada. Sishangai kwamba baadhi yao hawakumpenda. Mwalimu mmoja wa kike aliyefundisha naye miaka tisa alinieleza, bila hasira, kwamba hakuwahi kukaa kwenye kipindi chake hata kimoja. Alijua habari zake zote za fedha, lakini za ubaoni hakujua chochote.

Mara nyingi watu humfananisha mwalimu wa aina hii na Mama Barbro Johansson, Mswidi aliyefika Bukoba 1946, akaongoza shule ya wasichana ya Kashasha, akawa mbunge kwa tiketi ya TANU na baadaye mkuu wa Tabora Girls. Sioni mfanano mkubwa. Mama Barbro alishika vyeo, na cheo kina ofisi, kina faili, kina mtu anayefuata. Huyu wetu alikataa hata kuwa mkuu wa idara. Alichoshika ni orodha.

Daftari

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, na hapa nitakaa.

Kwenye stoo ya shule, chini ya vitabu vya mtaala wa zamani, kulikuwa na boksi lenye jina lake. Ndani mlikuwa na madaftari makubwa ya mistari, la kwanza la 1999, la mwisho la 2017. Nilidhani ni maandalio ya masomo. Nikafungua moja: mistari ya juu ina majina ya wasichana, na chini ya kila jina, pale ambapo mwalimu yeyote angeweka alama, yeye ameweka namba ndogo kutoka moja hadi kumi na tisa. Jalada la nyuma lilikuwa na ufunguo, nusu Kijerumani, nusu Kiswahili. Kila namba ilikuwa aina ya kosa.

Namba nne, kwa mfano, ni msichana anayeandika kwamba saba kutoa hasi tatu ni nne. Namba saba ni yule anayejumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano, kwa kujumlisha namba za juu na kujumlisha namba za chini. Namba kumi na moja ni yule anayefungua mabano ya a na b kwa kipeo cha pili akaandika a kipeo cha pili jumlisha b kipeo cha pili, neno la katikati limeyeyuka. Namba kumi na sita ndiyo niliyoipenda, kwa sababu ilinionyesha kwamba mama huyu alikuwa anasikiliza. Sentensi ya Kiingereza inasema namba fulani imepunguzwa tano (five less than a number), na msichana anaandika tano kutoa x. Kwa nini? Kwa sababu katika ile sentensi ya Kiingereza tano hutajwa kwanza. Msichana anajua kutoa. Asichokijua ni Kiingereza. Ukimpa alama sifuri ukaandika pembeni arudie kutoa, unamtibu mguu wakati anaumwa jino.

Kila baada ya jaribio alirekodi makosa, na kila Alhamisi jioni, muda wa kujisomea, aliita wasichana kufuata aina ya kosa. Leo namba saba wote waje, wa kidato cha kwanza na wa cha tatu pamoja. Yule wa kidato cha tatu aliyeliacha kosa hilo muhula uliopita ndiye aliyesimama mbele kwanza, mwalimu akiwa amekaa nyuma. Waliosoma kwake, ambao sasa ni wauguzi, maofisa wa benki, mmoja ni mhandisi wa maji Dodoma, wote walinisimulia Alhamisi kabla sijawauliza. Hakuna aliyeanza na ada. Hata waliolipiwa.

Jambo la pili lilikuwa wiki sita za mwanzo za kidato cha kwanza. Kila msomaji wa hapa anajua shida: mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili, Januari anakaa kwenye dawati la sekondari na hisabati imegeuka Kiingereza. Shule nyingi hulitatua kwa kuwapa orodha ya maneno na kwa kile kibao anachovishwa shingoni aliyeropoka Kiswahili. Kibao kilikuwapo pia hapa. Kwenye vipindi vyake hakikuingia. Alimtaka msichana aseme hesabu yote kwa Kiswahili kwanza, mpaka jirani yake aielewe bila kutazama ubao, ndipo waijenge kwa Kiingereza, kipande kwa kipande. Wiki sita nzima hakugusa mada ya kwanza ya muhtasari. Wakaguzi (huenda hata mimi ningefanya hivyo) walimwandikia kwamba yuko nyuma ya ratiba. Kufikia Septemba alikuwa ameipita ratiba.

Na hakuchapa. Naliandika hili bila kulipamba, maana nimeona walimu wasiochapa ambao hawafundishi pia. Kwake kulikuwa na faida mahsusi: daftari la makosa haliwezi kufanya kazi mahali ambapo kosa lina fimbo. Msichana atanakili jibu la jirani, na wewe utarekodi kosa la jirani.

Tatu, zile safari za nyumbani. Zilianza kwa ajili ya ada, lakini daftari linaonyesha aliandika zaidi ya ada: nani anatembea saa nzima mpaka barabarani, nani analea wadogo baada ya mama kulazwa hospitali ya KCMC, nani nyumbani kuna pombe ya mbege inauzwa na wateja wanakaa mpaka usiku. Pembeni ya msichana huyo wa mwisho ameandika tu kwamba asipewe kazi ya nyumbani Ijumaa.

Makabidhiano

Nilisoma muhtasari wa kikao cha makabidhiano cha Novemba 2017. Kurasa tano ni za orodha: nani ataandika barua za wafadhili, akaunti ifunguliwe wapi, wafadhili wangapi wamekubali kuendelea. Kuhusu ufundishaji wake kuna mstari mmoja, unaosema vipindi vyake vya hisabati vigawanywe kwa walimu waliopo.

Hakuna uovu hapo. Watu walikuwa na hofu, na hofu yao ilikuwa ya fedha, kwa hiyo wakaijadili fedha. Tangu Januari 2016 serikali ilikuwa imefuta ada kwenye sekondari za umma hadi kidato cha nne, na shule ya kanisa inayotoza zaidi ya milioni moja kwa mwaka ilijua kwamba mzazi aliyekwama ana mlango mwingine, shule ya kata iko bondeni pale. Bodi iliona wanafunzi thelathini wakishuka mlima kwa pamoja.

Walioshuka kweli walikuwa wachache. Kundi la WhatsApp la waliosoma pale lilianzishwa, waliopo Dar es Salaam na nje wakaanza kutuma kidogo kidogo kwa simu, usharika rafiki wa Ujerumani ukaanza kutuma kwenye akaunti ya shule badala ya ya mtu, wazazi wakaruhusiwa kulipa kwa mafungu mengi zaidi. Kufikia mwisho wa 2019 pengo la ada lilikuwa limefungwa. Mhasibu alinionyesha kwa fahari, na alistahili kuona fahari.

Mwaka huohuo upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili ulionyesha hisabati imeanza kuteremka. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Pingamizi

Bodi ilikuwa na haki ya kunipinga, na ilinipinga. Mjumbe mmoja, mfanyabiashara makini, aliuliza kama si UVIKO. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, na madarasa mengine, mbali na kidato cha sita, hayakufunguliwa hadi mwisho wa Juni. Kweli, lakini kuteremka kulianza kabla, na masomo mengine ya shule hiyohiyo hayakuteremka hivyo. Mwingine akasema hisabati inaanguka nchi nzima. Nayo ni kweli: katika mtihani wa kidato cha nne wa 2022 aliyefaulu hisabati alikuwa takriban mmoja kati ya watano. Ila shule hii ilikuwa miaka mingi mbali juu ya hapo, na swali letu ni kwa nini imekwenda kuungana na wengine. Hoja ya tatu ndiyo nzito: huenda waliokuwa wakilipiwa ndio waliokuwa vichwa vya darasa. Nilichukua matokeo ya waliolipiwa na wasiolipiwa kwa miaka ya mwisho ya mama, nikayalaza sambamba. Hayatofautiani kwa maana yoyote. Hakuwachagua kwa akili, aliwachagua kwa shida.

Lisilojibika kikamilifu ni kwamba darasa pia lilikua, kwa kuwa shule ilipokea wasichana zaidi kufidia mapato, na mwalimu mmoja wa hisabati aliondoka kwenda ajira ya serikali. Sisemi daftari peke yake lingezuia yote. Nasema lilikuwapo, lilikuwa kwenye boksi, na mwalimu mpya aliyepewa vipindi vya mama hakuambiwa kuna boksi.

Lawama zina wenyewe

Mama mwenyewe ana sehemu yake. Nilipomuuliza kwa nini hakumfundisha mtu, alijibu kwamba hakuna aliyewahi kuomba. Halafu akanyamaza, akasema, Mzee, na mimi sikuwahi kumwita mtu. Alikuwa na ukali fulani kwa wenzake. Mwaka 2004 alisimama kwenye kikao cha walimu akasema mbele ya wote, kijana na mzee, kwamba anayemchapa mtoto kwa kukosea hesabu hajui kazi yake. Mwalimu mkuu msaidizi wa wakati ule, mtu mwenye mvi, bado analikumbuka neno kwa neno. Jambo lilikuwa sahihi. Lilisemwa kama vile kumtukana mkwe. Baada ya hapo mlango wa darasa lake ulibaki umefungwa kutoka pande zote mbili.

Sheria nayo ilikuwa imeliona jambo hili kabla yetu. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni aandae mpango wa kurithisha kazi yake kwa Mtanzania. Nimeona karatasi za shule. Pamejazwa jina la mrithi, pamegongwa muhuri. Mrithi mwenyewe ndiye yule aliyekwenda serikalini, na somo lake la msingi lilikuwa fizikia. Kibali cha mama cha ukaazi, kile cha Daraja C wanachopewa wamisionari na watu wa kujitolea, kilihuishwa kila kilipoisha bila mtu kuuliza mrithi amerithi nini.

Ninalowaambia bodi kila wakisema mmisionari akiondoka shule hufa ni hili: mlima huu umeshawapoteza wamisionari wake kwa mkupuo, na si mara moja. Baada ya Vita ya Kwanza, mwaka 1920, Waingereza waliwarudisha kwao karibu wamisionari wote wa Leipzig. Kabla Waamerika wa kanisa la Kilutheri la Augustana hawajaja kushika nafasi, na hata walipokuja, kwa kuwa walikuwa wachache, sharika na shule zilibebwa na walimu na wainjilisti wenyeji. Vita ya Pili ilipozuka Wajerumani wakakamatwa tena, na tena wenyeji wakabeba. Iliwezekana kwa sababu Marangu palikuwa na chuo cha ualimu tangu 1912, na waliotoka pale walikuwa wameshakabidhiwa madarasa wakati mzungu bado yupo. Walimu wale hawakulipwa vizuri, na picha zao ni chache kuliko za wale waliowafundisha. Lakini mmisionari alipopandishwa meli, somo lilibaki darasani. Inashangaza kwamba watu wa 1920, bila simu wala gari, walikabidhiana vizuri kuliko sisi wa 2017 wenye muhtasari wa kurasa tano na ushee.

Ilipofika sasa

Usharika rafiki umeandika kwamba unaye mwalimu mwingine, wa kemia, mwanamke, tayari kuja kwa miaka mitatu. Bodi iliniuliza masharti. Nikashauri fedha yoyote isipite mkononi mwake hata kama ni ya mtoto anayelia mlangoni. Apelekwe kwa mhasibu. Afundishe tangu siku ya kwanza na mwalimu wetu wa kemia katika chumba kimoja, vipindi vyote, si mara moja moja. Na aende nyumbani kwa wanafunzi pamoja na huyo mwenzake. Sharti la kwanza lilipita bila mjadala. La pili lilipita baada ya kubishania gharama ya walimu wawili kwenye kipindi kimoja. La tatu limekwama: wajumbe wanaona mwalimu kutembelea nyumba ni kazi ya kuomba au kuomboleza, na kuna mzazi mmoja kwenye bodi ambaye nadhani hataki aonekane anavyoishi. Sikulazimisha.

Kikao hichohicho kilipitisha bweni jipya liitwe kwa jina la mama. Ilichukua dakika kumi.

Kuhusu daftari, bodi iliahirisha mpaka litafsiriwe. Mwalimu wa sasa wa hisabati, kijana wa Singida mwenye mwaka wa pili kazini, hakusubiri. Alipiga picha kurasa za ufunguo kwa simu yake, akamtumia mama huko Ujerumani akiomba maelezo ya sehemu za Kijerumani, na mama akamjibu usiku uleule kwa ujumbe mrefu wa sauti. Alhamisi zimerudi, kwa kidato cha kwanza tu kwa sasa. Tayari hawapatani juu ya namba nne. Mama aliweka pamoja makosa yote ya namba hasi. Kijana anasema anayekosea kutoa hasi na anayekosea kuzidisha hasi kwa hasi ni watu wawili tofauti, ukiwaita pamoja mmoja anasinzia. Ameigawa. Orodha yake sasa ina makosa ishirini, na mama, kwa mujibu wa ujumbe alionionyesha, anasema amekosea na atamwandikia kwa nini.